Maswali ambayo mashabiki wapya huniuliza kuhusu Philadelphia Eagles

Kila msimu wa NFL, ligi kuu ya Marekani, unapokaribia, maswali huwa ni yaleyale, na mengi hutoka kwa watu waliokulia kwenye soka ambao sasa wameanza kunogewa na mpira wa Kimarekani. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yangu. Mimi ni shabiki wa Eagles na sitajificha. Nitakaa sana kwenye kikosi cha msimu wa 2024, kilichobeba Super Bowl ya 59, yaani fainali ya NFL, kwa sababu kile ndicho kinachoonyesha vizuri jinsi timu inavyojengwa.

Nimezoea soka. Nikiangalia mchezo huu, macho niyaweke wapi?

Usiufuate mpira. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu inapata mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila jaribio linaanza na watu watano wa miraba minne walioinama mbele ya kwotabeki, yule anayepokea mpira na kurusha pasi. Hao ndio ukuta. Hawapigi pasi, hawapokei, hawafungi, na mtangazaji huwataja tu wanapofanya madhambi. Lakini pasi ndefu unazozishangilia, mbio za yadi 60, kwotabeki anayeonekana kutulia, vyote hivyo vinategemea sekunde mbili tatu ambazo watu hao watano wanampatia.

Ukuta wa Eagles wa 2024, kutoka kushoto kwenda kulia, ulikuwa Jordan Mailata, Landon Dickerson, Cam Jurgens, Mekhi Becton na Lane Johnson. Mwalimu wao alikuwa Jeff Stoutland, aliyeingia klabuni mwaka 2013 na akabaki huku makocha wakuu wakibadilishwa: Chip Kelly, kisha Doug Pederson, kisha Nick Sirianni. Becton alikuwa chaguo la raundi ya kwanza la New York Jets kwenye drafti (zamu za timu kuchagua wachezaji wapya) ya mwaka 2020, akaandamwa na majeraha mpaka wengi wakamkatia tamaa. Stoutland akamhamisha kutoka pembeni akampanga ndani, nafasi ambayo si yake kabisa, na akamaliza msimu akiwa bingwa.

Maoni yangu, na nitayarudia mpaka mchoke, ni kwamba mechi huamuliwa pale mbele. Ukiona timu inatumia pesa nyingi kwa mastaa wa nyuma na pembeni huku ukuta wake ni wa kuungaunga, usiiwekee matumaini ya Super Bowl, inayochezwa Februari.

Ni kweli Mailata hakuwahi kucheza mpira huu kabla ya kwenda Philadelphia?

Ni kweli. Alizaliwa Sydney, wazazi wake ni Wasamoa, na alikuwa anacheza raga. Eagles walimchukua mwaka 2018 kwenye raundi ya saba, ambayo ndiyo ya mwisho, akiwa wa 233, bila kuwa amecheza hata mechi moja ya mpira wa Kimarekani. Ana urefu wa zaidi ya mita 2 na uzito unaozidi kilo 160. Stoutland alianza naye kwenye namna ya kusimama na mahali pa kuweka mguu wa kwanza. Alikaa benchi misimu miwili, akaanza kupangwa 2020, na leo ni miongoni mwa watu bora wa ukuta wa upande wa kushoto katika ligi nzima. Klabu nyingi zinasema zina subira. Hii ilionyesha.

New York Giants walikosea kumwachia mkimbiaji Saquon Barkley, au angeng'ara popote?

Yote mawili yana ukweli, ila si kwa kiasi sawa.

Barkley ni mtoto wa Pennsylvania, alisoma na kuchezea Penn State, na Giants walimchagua akiwa wa pili kwenye drafti ya 2018. Kipaji chake hakikuwahi kuwa na shaka. Mwaka 2023, akiwa New York, alikimbia yadi 962 katika mechi 14. Machi 2024 akahamia Eagles kwa mkataba wa miaka mitatu wenye thamani ya dola milioni 37.75, akiwa na umri wa miaka 27, umri ambao mameneja wengi huanza kuwaogopa wakimbiaji. Msimu huohuo akakimbia yadi 2,005 katika mechi 16. Ukijumlisha na mechi za mchujo alifika 2,504, akaipita rekodi ya Terrell Davis. Mcheza kwao hutunzwa.

Hakuna mtu anayeongeza yadi elfu moja kwa mwaka kwa sababu ya kubadilisha jezi. Kule Giants alikuwa anakutana na mlinzi wa kwanza kabla hajafika hata kwenye mstari. Philadelphia, mlinzi wa kwanza anakutana naye yadi tano mbele, Barkley akiwa tayari kwenye kasi yake. Mkimbiaji wa kawaida angepata yadi nane pale. Yeye anapata 70, na hapo ndipo kipaji chake kinapoingia.

Kosa la Giants si kwamba walishindwa kumlipa. Walimtumia miaka sita bila kumjengea ukuta, kisha wakaamua kwamba nafasi ya mkimbiaji haina thamani. Hata mmiliki wao, John Mara, alinaswa na kamera akimwambia meneja wake kwamba atapata shida kulala Saquon akienda Philadelphia. Oktoba 20 mwaka huo Barkley akarudi kwenye uwanja wao, akakimbia yadi 176, na Eagles wakashinda 28 kwa 3.

Kama hujaona alichofanya dhidi ya Jacksonville Jaguars Novemba 3, 2024, katafute leo. Anapokea pasi fupi, anamkwepa mtu wa kwanza, anazunguka kumkwepa wa pili, na anapomaliza kuzunguka amewapa mgongo walinzi. Mlinzi wa tatu anakuja chini miguuni. Barkley, akiwa bado ametazama nyuma, anaruka, mlinzi anapita chini yake, naye anatua akiwa amesimama. Wachezaji wenzake pembeni ya uwanja walishika vichwa.

Kwa nini hakuachiwa avunje rekodi ya Eric Dickerson?

Dickerson alikimbia yadi 2,105 mwaka 1984 na rekodi hiyo haijaguswa. Barkley alihitaji yadi 101 kwenye mechi ya mwisho, tena dhidi ya Giants haohao. Sirianni akampumzisha, kwa sababu nafasi ya timu kwenye mchujo ilikuwa haiwezi kubadilika tena.

Iliniuma siku ile, lakini naiunga mkono. Wiki mbili baadaye mtu yuleyule alikimbia yadi 205 dhidi ya Los Angeles Rams kwenye theluji. Angeumia kifundo cha mguu kwenye mechi isiyo na maana, pete ile ya ubingwa ingekuwa ya mtu mwingine.

Jalen Hurts ni kwotabeki wa kweli au anabebwa?

Swali hili linanichosha kuliko yote, na nitalijibu kwa kirefu ili nisiulizwe tena.

Wanaosema anabebwa wanaangalia yadi za pasi. Msimu wa 2024 alirusha yadi 2,903, idadi ndogo ukimlinganisha na wenzake wa daraja la juu. Lakini kwotabeki hurusha kulingana na kile timu inachohitaji. Ukiwa na Barkley anayekata yadi sita kila akishika mpira, na ulinzi usioruhusu wapinzani kupumua, kurusha mara 40 ni kuwapa wapinzani nafasi ambazo hawakustahili. Hurts alifunga tachidauni (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani) 14 kwa miguu, akapiga pasi za tachidauni 18, na pasi zake zilizonyakuliwa msimu mzima zilikuwa 5 tu. Kwotabeki anayelinda mpira namna hiyo hajabebwa.

Na siku timu ilipohitaji arushe, alirusha. Super Bowl ya Februari 2023 dhidi ya Kansas City Chiefs, waliyofungwa 38 kwa 35, alipiga yadi 304 na kufunga tachidauni tatu kwa kukimbia. Alidondosha mpira mara moja, Nick Bolton akauokota na kufunga, na watu wakaikumbuka dakika hiyo moja wakasahau mechi nzima. Miaka miwili baadaye, Februari 9, 2025 kule New Orleans, Chiefs waliamua kumzuia Barkley kwa gharama yoyote na kwa kweli walimzuia: yadi 57 tu katika mara 25. Wakamwachia Hurts mlango. Alikamilisha pasi 17 kati ya 22, yadi 221, akakimbia yadi 72, rekodi kwa kwotabeki kwenye Super Bowl, na akachaguliwa mchezaji bora wa mechi.

Kuna jambo lingine ambalo takwimu hazisemi. Januari 2018, fainali ya vyuo vikuu, kocha wa Alabama alimtoa wakati wa mapumziko mbele ya nchi nzima akamwingiza Tua Tagovailoa, na Tua akashinda mechi. Hurts hakuhama msimu ule. Alibaki benchi, akasubiri, na Desemba mwaka huohuo Tua alipoumia kwenye fainali ya ukanda wao dhidi ya Georgia, Hurts aliingia akaigeuza mechi. Baadaye ndipo akaenda Oklahoma, kisha Eagles wakamchukua raundi ya pili mwaka 2020 akiwa wa 53. Nikimwona uso mkavu pembeni ya uwanja, iwe wanaongoza kwa 30 au wako nyuma kwa 10, naelewa uso ule umetoka wapi.

Ana kasoro? Anayo. Huchelewa kuachia mpira, na anaogopa kurusha katikati ya uwanja. Hizo ni hoja halali, njooni nazo tujadili.

Ule mchezo wa kusukumana, tush push, upigwe marufuku?

Hapana.

Kwa asiyeujua: timu ikibakiza yadi moja, Hurts anasimama karibu kabisa na Jurgens, wenzake wawili wanakaa nyuma yake, mpira ukianzishwa anajitupa mbele na wale wa nyuma wanamsukuma. Kumsukuma mchezaji mwenye mpira kumeruhusiwa na NFL tangu 2005. Kwa hiyo timu zote 32 zina ruhusa. Tofauti ni kwamba Eagles wana Mailata, Dickerson na Jurgens wanaoingia chini kuliko walinzi, na kwotabeki ambaye akiwa chuoni alikuwa anachuchumaa na chuma cha zaidi ya kilo 270 mabegani. Wengine wakijaribu wanakwama, kisha wanalalamika.

Mei 2025 Green Bay Packers walipeleka pendekezo la kuupiga marufuku. Kura zilihitajika 24, wakapata 22. Jason Kelce, aliyekuwa kiini cha ukuta huo mpaka alipostaafu Machi 2024, alikwenda mwenyewe kwenye kikao kuutetea. Hoja ya usalama ningeiheshimu kama ingeletwa na rundo la majeruhi, lakini haikuletwa hivyo. Hoja ya pili, kwamba hauvutii, ni ya mtu asiyependa kuangalia ukuta ukifanya kazi. Mimi napenda.

Dakika ninayoipenda zaidi ni ya fainali ya NFC, moja ya kanda mbili za ligi, Januari 2025, dhidi ya Washington Commanders. Eagles wako mlangoni kabisa. Frankie Luvu wa Washington anajaribu kuotea: anaruka juu ya ukuta mpira haujaanzishwa. Adhabu. Anaruka tena. Adhabu. Lakini adhabu yenyewe ni nusu ya umbali uliobaki, na umbali uliobaki ni wa mkono, kwa hiyo hawana cha kupoteza. Mwenzake naye akavuka mapema. Mwishowe mwamuzi akawasha kipaza sauti na kutangaza kwamba wakiendelea anaweza kuwapa Eagles pointi papo hapo. Uwanja ulilipuka. Jaribio lililofuata Hurts akaingia. Mechi iliisha 55 kwa 23.

Ninachokubali ni kimoja: mtu wa ukuta akijisogeza kabla ya mpira, waamuzi wapulize. Sheria hiyo ipo tayari, isimamiwe tu.

Vic Fangio, kocha wa ulinzi wa Eagles, alimfanya nini Patrick Mahomes, kwotabeki wa Chiefs?

Alimfanyia kitu ambacho karibu kila mtu aliyejaribu alishindwa, na alikifanya bila ujanja wa ajabu.

Ukitaka kumsumbua kwotabeki, njia ya haraka ni kutuma walinzi watano au sita wamkimbilie. Tatizo ni kwamba kila unayemtuma mbele umemtoa nyuma, na Mahomes ni mtu wa kukuona ulipopunguza na kukuadhibu hapohapo. Njia bora ni kumfikia kwa wanne tu, ili saba wabaki wakilinda pasi. Kila kocha anaijua. Shida ni kuwapata wanne wanaoweza.

Fangio alikuwa nao: Jalen Carter katikati akivutia watu wawili kila mara, Milton Williams kando yake, Josh Sweat na Nolan Smith pembeni. Super Bowl nzima hakutuma mtu wa tano hata mara moja. Mahomes aliangushwa akiwa na mpira mara sita, idadi kubwa kuliko zote katika maisha yake ya NFL. Sweat peke yake alihesabiwa mara mbili na nusu (wawili wakiangusha pamoja hugawana), Williams mbili. Upande wa kushoto wa ukuta wa Chiefs alikuwa amepangwa Joe Thuney, mchezaji mzuri sana lakini wa nafasi ya ndani, kwa sababu wa nafasi ile walikuwa hawana. Chiefs walikuwa wanatafuta ubingwa wa tatu mfululizo, jambo ambalo timu yoyote haijawahi kulifanya tangu Super Bowl ianze. Walikuwa na kwotabeki bora wa kizazi hiki. Ukuta hawakuwa nao.

Robo ya pili Mahomes alirusha akiwa amebanwa, Cooper DeJean akainyakua na kukimbia nayo yadi 38 mpaka ndani, siku aliyotimiza miaka 22. Baadaye kidogo Zack Baun akanyakua nyingine. Mapumziko ilikuwa 24 kwa 0. Ilifika 34 kwa 0 kabla Chiefs hawajapata pointi ya kwanza, na matokeo ya mwisho, 40 kwa 22, yanawapendelea.

Baun anastahili sentensi zake. New Orleans Saints walimtumia zaidi kwenye vikosi maalumu vya mipira ya kupigwa kwa mguu. Akaja Eagles kwa mkataba wa mwaka mmoja wa bei ya chini, Fangio akamhamishia katikati ya ulinzi, na akaingia kikosi bora cha ligi msimu uleule.

Sirianni kazi yake ni nini hasa, kama hapangi mashambulizi wala ulinzi?

Kazi yake ni watu, na ni kazi ngumu. Namlaumu anapostahili. Msimu wa 2023 timu ilianza kwa kushinda 10 na kufungwa 1, ikamaliza 11 na 6, ikatolewa na Tampa Bay Buccaneers kwa 32 kwa 9 bila hata kupigana. Septemba 2024, dhidi ya Atlanta Falcons, wakiongoza dakika za mwisho na saa ikiwa rafiki yao, benchi liliita pasi kwenye jaribio la tatu badala ya kukimbia. Barkley akaidondosha, saa ikasimama, Falcons wakashinda 22 kwa 21. Uamuzi ule ulikuwa mbovu hata kama Barkley angeushika mpira.

Lakini tazameni alichofanya baada ya kuwa 2 na 2. Wiki ya mapumziko wakakaa na Kellen Moore, aliyekuwa mpangaji wa mashambulizi, wakaamua timu itakuwa ya kukimbia, mastaa wa pasi wapende wasipende, na wakashinda mechi kumi mfululizo. Kuwaambia wachezaji wa mamilioni kwamba wataguswa na mpira mara chache, nao wakabaki pamoja, si kazi ya kila mtu.

Kwa nini Roseman aliwaachia Sweat na Williams baada ya ubingwa?

Pesa. Kila timu ina kikomo cha mishahara, mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4, na meneja mkuu wetu Howie Roseman tayari anagawanya malipo ya mastaa kwenye miaka ambayo hata hawatakuwepo. Williams alipata dola milioni 104 kwa miaka minne New England, Sweat milioni 76.4 kwa miaka minne Arizona. Nimeumia zaidi kwa Williams, maana mtu wa katikati anayemfikia kwotabeki hapatikani kirahisi. Ila huyu ndiye meneja aliyewachukua Quinyon Mitchell na DeJean kwenye drafti moja. Anaweza kuuza mapema kwa sababu anajua kununua.

A.J. Brown analalamika sana, si auzwe tu?

Mpokeaji asiyetaka mpira simtaki. Amekuwa na haki mara nyingi kuliko mnavyokubali, hasa mashambulizi yanapokuwa yanatabirika.

Unasemaje kuhusu Jalen Carter kumtemea mate Dak Prescott, kwotabeki wa Dallas Cowboys?

Ufunguzi wa msimu wa 2025, bingwa mtetezi, uwanja wa nyumbani, na mtu unayemtegemea kuliko wote katika ulinzi anatolewa kabla Cowboys hawajacheza jaribio lao la kwanza. Ni aibu, na ushindi wa 24 kwa 20 hauifuti.

Kuna mtu wa kwetu aliyewahi kucheza NFL?

Daniel Adongo, Mkenya, mchezaji wa raga aliyecheza New Zealand na Afrika Kusini. Indianapolis Colts walimsajili 2013 na Desemba mwaka huo akacheza mechi yake ya kwanza. Naamini angefika mbali zaidi kama angempata mwalimu wa subira kama aliyempata Mailata.

Mechi huchezwa saa ngapi kwa saa za Afrika Mashariki?

Za Jumapili mchana wa Philadelphia huanza saa 2 usiku kwetu, na saa 3 usiku baada ya Wamarekani kurudisha saa nyuma Novemba. Super Bowl huanza kama saa 8 na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Ombeni ruhusa kazini mapema.

Nikitaka kuangalia mechi moja tu ya zamani, iwe ipi?

Si Super Bowl, ile iliisha mapema mno. Tafuta Eagles na Rams, Januari 19, 2025, Philadelphia, theluji ikizidi kila robo mpaka mistari ya uwanja inafukiwa. Barkley anafunga kwa mbio za yadi 62, baadaye za yadi 78, Hurts naye anakimbia 44. Zirudie zote tatu ukimtazama namba 68 na namba 65 tu, Mailata na Johnson. Kisha nenda mwishoni. Rams wako ndani ya yadi 20, tachidauni moja na mkwaju wake wa ziada zinaweza kuwapa ushindi, na Matthew Stafford anarudi nyuma kurusha. Carter anapita katikati ya ukuta na kumwangusha. Jaribio la nne pasi haikufika, 28 kwa 22.